Ufunguo wa Nyumba ya Mtu

Mwenye nyumba ampaye mwenziwe ufunguo humpa vitu viwili: chuma na imani. Chuma huonekana, imani haionekani, nayo ndiyo yenye thamani.

Palikuwa na fundi wa kompyuta mjini Korogwe aliyetunza kanzidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo cha Handeni. Hapo kwanza, kila ilipoharibika, alipanda basi asubuhi akarejea usiku. Baadaye chama kilimfungulia mtandao wa faragha. Mtandao huo si waya mwingine uliotandazwa kutoka mji hadi mji. Hupita katika intaneti ile ile ipitwayo na watu wote, lakini maneno yake hugeuzwa mafumbo mwanzo wa safari na kufumbuliwa mwisho wake. Mpita njia huiona bahasha, wala haisomi barua.

Jioni moja ya msimu wa kupanda, kanzidata ilikataa kufunguka, na kesho yake wakulima walitazamia mikopo ya mbegu. Fundi aliketi kwake Korogwe, akaingia Handeni bila kuvuka kizingiti. Alikuta kumbukumbu za zamani zimejaza nafasi yote. Akazihamisha, mashine ikarudia kazi yake. Alipokuwa akihakikisha kwamba hesabu ni salama, aliliona jina la shemeji yake, na kando yake deni kubwa. Juma lililopita dada yake alikuwa amemwambia kwa furaha kwamba mumewe hadaiwi na mtu.

Udugu ulimvuta huku, amana ikamvuta kule. Hakunena. Alimwandikia mwenyekiti: “Mzee, njia mliyonipa ni pana kuliko kazi yangu. Naomba ipunguzwe, niitengeneze mashine nisisome majina. Na kila niingiapo, saa iandikwe.” Ikafanywa hivyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa mitandao ya namna hiyo waitolee taarifa. Hayo yana faida yake. Lakini mafumbo humzuia mwizi aliye nje. Hayamzuii mwaminiwa aliye ndani, na sheria hufika jicho limekwisha kuona.

Yamkini siku moja dada atajua, na kumlaumu ndugu yake kwa kunyamaza. Lawama hiyo itakuwa chungu, nayo ndiyo gharama ya amana.