Miguu ya Nyuma ya Paka Mzee: Reading na Kamachumu

"Huo ni uzee tu." Ndivyo tunavyosema kwetu Muleba, Tanzania, paka akianza kuburuta miguu ya nyuma, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya kahawa. Huku Uingereza nako watu husema hivyo hivyo, wakiwa wameketi kliniki na paka wao kwenye kikapu. Tofauti ni kwamba huku yupo daktari asiyeridhika na jibu hilo. Uzee peke yake haulegezi miguu. Kuna kitu kinachoilegeza, na mara nyingi kina jina, na mara nyingine kina dawa.

Paka wangu wa hapa Reading alipoanza kuyumba, daktari hakukimbilia mashine. Alimweka sakafuni, akapiga magoti na kumtazama kwa nyuma anavyotembea. Paka mzima hutembea kwa vidole, visigino vikiwa juu. Wangu alikuwa ameanza kuvishusha hadi karibu vinagusa sakafu. Hapo hapo maswali yakabadilika: siku hizi anakunywa maji mengi? Anakojoa sana? Anakula vizuri lakini anakonda? Daktari alikuwa anatafuta kisukari, ambacho kwa paka huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma. Damu na mkojo vikathibitisha. Tukaanza insulini, na baada ya miezi visigino vikapanda tena.

Isingekuwa kisukari, angeendelea na figo. Figo za paka mzee zikichoka, potasiamu hupotea kwenye mkojo, misuli inalegea, na katika hali mbaya hata shingo hushindwa kubeba kichwa. Baada ya figo kuna tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na kula misuli, kuna uti wa mgongo na kuna uvimbe wa saratani. Na karibu kila paka mzee ana shida ya viungo kwa kiasi fulani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, madaktari walitazama eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyochakaa. Tangu 2021 Ulaya kuna sindano ya mara moja kwa mwezi kwa maumivu hayo. Ni huduma nzuri, lakini inalipiwa: vipimo vya damu, mkojo, presha na eksirei vikijumlishwa hufika mamia ya pauni, na bima hupanda kadiri paka anavyozeeka.

Orodha hiyo ukiibeba kama ilivyo ukaipeleka Bukoba, itakupoteza, kwa sababu kule kuna mambo ya kuuliza kabla ya kisukari. La kwanza kabisa ni kichaa cha mbwa. Uingereza ilikitokomeza mwaka 1922, ukiondoa popo, kwa hiyo daktari wa Reading hakifikirii paka wa mtaani kwake akilegea. Tanzania kipo bado, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kinaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Paka naye hukipata na huweza kukileta nyumbani. Paka aliyelegea miguu ghafla, anayetokwa na udenda, aliyebadilika sauti, aliyekuwa mpole akawa mkali, huyo si wa kupapaswa. Nasisitiza hili kwa sababu ya desturi yetu ya mwambao wa ziwa: tukiona paka anadondosha mate tunasema amekwamwa na mwiba wa sangara, kisha mtu anaingiza vidole mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo. Mfungie chumbani bila kumshika, ita mtu wa mifugo. Na kama ameshakung'ata au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Baada ya hapo uliza anakula nini. Huku paka hula chakula cha kopo kilichotiwa vitamini zote. Paka wa Kashai au Kemondo anaweza kuishi kwa samaki mtupu, tena utumbo na vichwa vibichi anavyotupiwa wakati samaki wanaparuliwa. Aina kadhaa za samaki, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akikosa vitamini hiyo huyumba, shingo hupinda kuelekea kifuani, mwishowe hupata degedege. Moto hukimaliza kimeng'enya hicho. Chemsha samaki, mchanganyie na mabaki ya nyama au yai. Paka ambaye ameshaanza kuyumba anahitaji sindano za vitamini hiyo, na akiwahiwa hubadilika upesi. Katika orodha yote hii hakuna tatizo linaloniuma kama hili, maana kinga yake ni sufuria.

Kuna pia panya aliyekufa kwa sumu, dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya viroboto ya mbwa iliyopakwa paka. Kuna jiwe alilorushiwa kwa kuiba kitoweo, kuna bodaboda, kuna jipu lililotokana na kung'atwa karibu na mkia. Haya yote huonekana kama uzee kwa mtu asiyejua jana ya paka huyo ilikuwaje.

Na hapa ndipo nyumbani tunapowazidi watu wa huku. Mimi nashinda kazini, paka wangu anashinda peke yake. Daktari aliponiuliza kuhusu maji nilijibu kwa kukisia. Shangazi yangu wa Kamachumu anashinda na paka wake. Aliponipigia kuhusu miguu ya mnyama huyo hakuwa na kadi wala kumbukumbu ya kliniki, lakini umri aliujua: alizaliwa mwaka wa tetemeko, 2016.

"Shikamoo shangazi. Ilianza ghafla?"

"Marahaba mwanangu. Wala si ghafla. Kwanza aliacha kupanda kichanjani. Nikadhani ameshiba. Baadaye nikaona hata kitandani anapanda kwa kujivuta na kucha."

Nikamwomba amshike nyayo zote nne alinganishe joto. Zilikuwa sawa. Atazame vile vinyama laini chini ya vidole: rangi moja, mbele na nyuma. Maji? Kidogo kama siku zote. Chakula? Dagaa wa kuchemsha na mabaki ya ugali. Asubuhi anakuwa mgumu, jua likimpata analegea kidogo. Manyoya ya kiunoni yamesokotana kwa sababu hawezi tena kujipinda kujilamba. Kila jibu lilielekea kwenye viungo. Bwana mifugo wa kata alipofika kwa jirani kutibu ng'ombe, shangazi alimwomba amtazame paka. Akampapasa uti wa mgongo taratibu, akanyoosha mguu mmoja kisha mwingine, na paka akalalamika nyonga ya kushoto ilipoguswa. Hapakutumika kifaa chochote.

Jirani mwingine alikuwa ameshatoa ushauri: nusu ya panadoli. Ushauri wa huruma, na wenye kuua. Ini la paka haliwezi kuichakata dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki nayo isimkaribie. Dawa za maumivu za paka zipo, ila kipimo chake ni kidogo mno na hutolewa na daktari wa mifugo aliyejiridhisha kwamba figo ni nzima. Shangazi amefanya yaliyo ndani ya uwezo wake: gunia la kulalia karibu na mafiga, benchi chini ya kichanja ili apande kwa hatua mbili, na kuchana manyoya ya kiunoni.

Palipo na kisukari, watu wetu wasikate tamaa mapema. Kipimo cha sukari alichonacho mgonjwa wa familia kinaweza kusoma tone la damu ya sikio la paka. Husoma chini kidogo, na hofu nayo hupandisha sukari ya paka, kwa hiyo jibu lake ni la kumpelekea daktari, si la kuanzia insulini nyumbani.

Kuna tatizo jingine linalonisumbua, na ndilo lililonifanya nimuulize shangazi joto na rangi ya nyayo. Moyo wa paka ukiugua, bonge la damu linaweza kukwama pale mshipa mkuu unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma. Paka analia kwa sauti kubwa, miguu inakufa mara moja, nyayo zinakuwa baridi, na rangi yake inapauka au kuwa bluu. Ni maumivu makali, na hata hospitali kubwa za huku hupoteza wengi wao. Hapa Reading daktari angempa dawa kali ya maumivu ndani ya saa moja na, mwenye paka akikubali, sindano ya kumpumzisha. Muleba paka huyo atalia hadi alfajiri. Bwana mifugo ana ng'ombe na mbuzi wa kata nzima, na hakuna anayempigia simu usiku kwa ajili ya paka. Natamani tumpigie, na natamani akija awe na dawa hiyo mkobani.