Meno ya Mtoto Kabla ya Chekechea

Akina mama wenzangu wa Kasulu na Kibondo, mtoto anapokaribia kuanza chekechea tunashona sare na kununua daftari, kinywa husahaulika. Wangu nilimpeleka hospitali kwanza. Daktari wa meno alihesabu meno yote 20 ya utoto, akakuta moja limeanza kutoboka, ingawa mtoto hakuwa amelalamika. Akanieleza kwamba kwenye miaka 6 gego la kudumu huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, hivyo wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Likishang'olewa, jingine halioti. Mtoto anayeumwa jino halali, hali, wala hasikii mwalimu. Mungu ametukabidhi mtoto mzima, pamoja na kinywa chake.