Bega la Mchukuzi

Huko Dranya, katika wilaya ya Koboko, Uganda, pana mwembe ambao chini yake zimesimikwa nguzo mbili zenye panda. Juu ya panda hizo lililazwa bomba la chuma, na kila ncha ya bomba imezamishwa katika kopo la rangi lililojazwa saruji. Hicho ndicho kilikuwa chuma cha mazoezi cha mchukuzi mmoja wa mizigo. Kila jioni alipotoka sokoni Koboko alikiinua mara kumi, akapumzika, akakiinua tena, huku watoto wa jirani wakimhesabia kwa sauti.

Kisha ikafika miezi ambayo chuma hakikuguswa. Kuku waliona bomba limetulia, wakalifanya kituo chao cha kulala. Mwenyewe alikitazama akiwa kibarazani, mkono wake wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa.

Chanzo kilikuwa pikipiki na tope la mvua. Alianguka kwa bega, na kwa wiki nyingi akajiaminisha kwamba ni mteguko tu, akikandwa kwa maji ya moto. Lakini alipotaka kuvaa shati, mkono ulikataa kupanda. Mwishowe ukoo ulichanga, mbuzi wakauzwa, akapanda basi la safari ndefu, akavuka Mto Nile kwenda kusini kupasuliwa. Daktari aliikuta kano moja imeachana na mfupa, akaishona mahali pake.

Yafaa kueleza jinsi bega lilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, nacho hukaa kwenye kikombe kisicho na kina, mithili ya chungwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono waweza kuzunguka pande zote; na ndiyo maana pia bega ni jepesi kuumia. Misuli minne midogo hulizunguka chungwa hilo na kulizuia lisiporomoke. Kano za misuli hiyo zikishonwa, uzi hushikilia kwa muda tu. Kazi ya kuungana na mfupa ni ya mwili wenyewe. Kwa kawaida mkono hufungwa wiki 4 hadi 6, na mazoezi ya uzito hungoja hadi wiki ya 12 hivi, au zaidi ikiwa jeraha lilikuwa kubwa. Hatari kubwa huja katikati, maumivu yanapopungua kabla kano haijashika. Mgonjwa hujiona amepona, kumbe bado.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mchukuzi huyu. Katika wiki ya 8 wenzake walikuja kumjulia hali, na mmoja akaropoka kwamba nafasi yake kwenye lori imepata mtu mwingine. Usiku ule hakulala. Alitoka polepole, akaenda mwembeni, akashika bomba kwa mikono miwili. Kuku wakaruka kwa kelele. Mama yake akatoka na taa, akamkuta ameinama, jasho linamtoka, bega linamuuma kama siku ya kwanza.

"Mwanangu," alisema mama, "muhogo uliopandwa jana haufukuliwi leo kutazamwa mizizi. Ukiufukua, umeuua."

"Mama, watoto watakula nini?"

"Wanakula hivi sasa. Muulize mkeo wanakula nini."

Maneno hayo yalimchoma kuliko bega. Kwa wiki zote hizo mkewe alikuwa akilima peke yake, akichota maji kwenye kisima cha pampu na kuyabeba kichwani, wala hakunung'unika. Mtu aliyejivunia kuinua chuma hakuwa ameuona mzigo uliopita mbele ya macho yake kila asubuhi.

Kesho yake alikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Kwa bahati njema kano haikukatika tena. Akaanzishiwa masomo ya kitoto: kuinama na kuuacha mkono uning'inie na kubembea, kisha kupandisha vidole ukutani kama buibui. Baada ya wiki ya 12, mkewe alikata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwenye mwimo wa mlango, naye akauvuta taratibu, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Ndipo ikaja chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo. Aliona haya, akawa anaiinua alfajiri kabla watoto wa jirani hawajaamka.

Hakuwa na sababu ya kuona haya. Njia hii ya kuongeza uzito kidogo kidogo iliingizwa katika tiba na daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyeandika mwaka 1945 jinsi alivyowarudishia askari waliojeruhiwa nguvu za misuli. Kanuni yake ni nyepesi: uzito upimwe, uhesabiwe, na uongezwe pale tu mwili unapouzoea.

Mchukuzi naye alihesabu. Nusu lita, lita moja, lita mbili. Maumivu yaliyodumu hadi asubuhi yalimwambia apunguze. Uchovu ulioisha usiku ulimruhusu aendelee. Mwezi wa 6 alikwenda kisimani na jerikani ya lita 20 iliyojazwa nusu, akaibeba mkono ukiwa chini. Wanawake wa foleni walicheka. Mkewe hakucheka, alimpokea mlangoni.

Mwezi wa 9 alirudi mwembeni. Makopo ya rangi aliyaweka kando, akatengeneza chuma kipya kwa makopo madogo ya maziwa. Sokoni pia amerudi, lakini gunia zito hulibeba na mwenzake, na ujira hugawanywa nusu kwa nusu. Fedha zimepungua, bega limebaki. Na maji ya asubuhi huyachota yeye.

Aliyepasuliwa bega ayashike haya: asiongeze uzito bila ruhusa ya mtaalamu, na akiona uvimbe mpya, homa au ganzi ya vidole, arudi hospitali upesi. Nguvu zilizopotea kwa siku moja hurudi kwa miezi, nazo hurudi kwa mwenye kuhesabu.

Kuku, kwa upande wao, wametafutiwa kituo kingine.