Neno Hakuna

Neno hakuna ni jepesi kinywani, lakini ni zito sikioni. Alisemaye hupumzika, aambiwaye huanza mashaka. Katika kazi ya kompyuta neno hili mara nyingi husemwa kwa kimya tu, na kimya hicho kimewapoteza mafundi wengi hodari.

Huko Mbagala, katika Temeke, mwanamke mmoja alikuwa wakala wa fedha za simu katika kibanda cha mabati karibu na kituo cha daladala. Kazi hiyo si ngeni: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na vibanda vya namna hiyo vikaenea kila mtaa. Usiku mmoja, yapata saa mbili, mzee wa jirani alimpa shilingi 60,000 azitie katika simu yake. Salio la wakala likapungua, lakini simu ya mzee haikupokea kitu. Mzee alingoja, akauliza, kisha akasema mbele ya watu kwamba ameibiwa. Asubuhi yake wateja walipita kibandani pasipo kusimama. Mtaji wa wakala si fedha peke yake. Ni uaminifu, nao ukivuja hauzibwi kwa mkopo.

Malalamiko yalimfikia fundi kijana, mkazi wa Mwananyamala katika Kinondoni, aliyeajiriwa na kampuni ipitishayo habari za malipo. Habari hizo hazilali daftarini zikangoja kusomwa. Hutiririka usiku na mchana kama maji, na kila malipo ni tone. Mfano wa maji ni wa zamani katika kazi hii. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika kwamba programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani. Mwaka 1973 Ken Thompson aliitimiza fikira hiyo katika Unix. Kafka, mtambo uliobuniwa katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa kwa watu wote mwaka 2011, uliligeuza bomba likawa mto. Auchunguzaye mto huo hukaa mbele ya kioo cheusi, huandika amri kwa maneno, na kungoja jibu.

Kijana aliandika amri ya kuitafuta namba ya wakala tangu saa 20:00 hata saa 20:30. Kioo kikakaa kimya. Basi akayajibu malalamiko kwa neno moja: hakuna.

Mkuu wake wa kazi, mama mtu mzima, alilisoma jibu hilo akamwita.

“Mwanangu, umetafuta saa mbili ya nani?”

“Ya usiku, mama. Ndiyo aliyoitaja wakala.”

“Wakala ana saa yake, na chombo kina saa yake. Umekiuliza?”

Hakuwa amekiuliza. Mswahili huhesabu saa za usiku tangu kuchwa kwa jua, akapata saa mbili. Simu huandika 20:00. Lakini mto ule uliandikwa kwa saa ya ulimwengu, iitwayo UTC, ambayo saa ya Dar es Salaam imeitangulia kwa saa tatu. Chombo kilikuwa kimetafuta saa tano ya usiku, wakati kibanda kimekwisha fungwa. Kijana alirudia amri yake tangu saa 17:00, na malipo yakaonekana dakika ya nne. Yalikuwa yametupwa katika kapu la habari zilizokataliwa, kwa sababu kiasi kiliandikwa kwa koma, na programu ya mbele ilikubali tarakimu tupu. Koma moja ilizizuia fedha zisifike, na saa tatu zilimzuia fundi asizione. Siku ile ile mzee alipata haki yake.

Kijana hakuridhika. Desturi ya vyombo vya Unix ni kwamba kisichopata kitu hunyamaza. Ndivyo ifanyavyo grep. Desturi hiyo ni njema kwa faili lenye mwisho. Mto hauna mwisho, na kimya chake kina maana nyingi: labda habari haikupita, labda haijafika, labda ilipita katika umbo lisilosomeka, labda chombo kimeanza kutazama ikiwa imekwisha pita, maana chombo cha kawaida cha Kafka, kisipoambiwa kianze nyuma, huonyesha mapya tu.

Kwa hiyo alikitengeneza upya chombo chake. Sasa, kila kitafutapo, hutaja mwanzo na mwisho wa muda kiliotafuta, kwa saa ya Dar es Salaam na kwa UTC. Hutaja habari ngapi kimesoma, na ngapi zimekishinda. Maelezo hayo hutoka kwa njia ya pembeni, yasichanganyike na habari ziendazo kwa programu nyingine. Husoma pasipo kujiunga na kundi la programu zinazogawana kazi, kwa maana kingejiunga kingepewa sehemu ya mto, na malipo ya watu yangemwendea mchunguzi badala ya wenyewe. Tena huficha tarakimu za katikati za namba za simu, maana mwenye kutafuta kosa hana ruhusa ya kupekua maisha ya jirani.

Mzee alirudi kibandani wakati wa watu wengi, akaomba radhi kwa sauti ile ile aliyoshutumia. Baadhi ya wateja walirudi. Wengine walikuwa wamekwisha zoea kibanda cha pili, na hasara hiyo haikuandikwa katika mto wowote. Asemaye hakuna, awe mtu au chombo, na aseme kwanza alipotafuta.