Ua Lisilo na Jina

Bustani za ushairi wetu zimepandwa pwani. Asumini, mrehani, kilua na mlangilangi ndiyo majina ayatajayo mshairi wa Kiswahili anapotaka kusifu uzuri, naye huyataja kwa haki, kwa kuwa yamo katika vikuba na manukato ya watu waliomlea. Nimesomesha ushairi hapa Dodoma kwa miaka mingi. Kila mwaka wanafunzi wangu, wengi wao watoto wa Wagogo na Warangi, waliniletea mashairi yaliyojaa asumini. Nilipowauliza inanukiaje, darasa zima lilinyamaza. Walikuwa wakisifu kwa pua za wengine.

Tangu nistaafu, nimekuwa nikitunza tuta refu la maua kando ya ukuta wa nyumba, upande upigwao na jua tangu asubuhi hadi jioni. Mji wetu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni kama milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya vumbi na upepo. Maua mengi niliyoyajaribu hayakuuona mwezi wa Agosti. Lililodumu ni salvia, ile yenye asili ya Mexico ambayo wataalamu huiita Salvia leucantha.

Niliipanda kwa pingili mvua zilipoanza, kila shimo mita moja kutoka jingine, kwa samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Kiangazi huinywesha mara moja kwa wiki, maji mengi yafike chini, na udongo huufunika kwa nyasi kavu. Ikimaliza kuchanua huikata karibu na ardhi, nayo huchipua upya kutoka katika mizizi ile ile. Mikia yake ya zambarau ni laini kama mahameli, na ndege chozi huizuru kila asubuhi. Mbuzi wa mtaani hunusa majani yake, kisha hupita.

Lakini tungeiitaje? Salvia ni neno la Kilatini lenye asili katika maana ya afya na kusalimika. Kulitohoa si aibu, kwani Kiswahili kimekua kwa kutohoa; ila neno hilo halimwambii chochote mtoto wa Kongwa. Siku moja jirani yangu, bibi wa Kigogo asiyejua kusoma, alichuma jani, akalifikicha, akalinusa. Akasema, "Mwalimu, huyu ni nduguye kivumbasi."

Bibi alisema kweli. Wataalamu wa mimea huiweka salvia katika ukoo mmoja na kivumbasi, mrehani na nanaa. Shina lake lina pembe nne kama la mrehani, na majani yake hutoa harufu yakiguswa. Kumbe mrehani wa washairi ulikuwa na ndugu yake hapa kwetu, naye hakuwa na jina la kuingia nalo katika ubeti.

Tunao mfano wa kufuata. Mwarobaini ulitoka Asia ya Kusini, na leo ni kivuli cha nyua nyingi za Dodoma. Waswahili waliupa jina kwa hesabu ya maradhi yasemwayo kuwa huyatibu, na jina hilo likaota mizizi kama mti wenyewe. Hawakuuita kwa jina la ugenini alikotoka. Waliuita kwa kile walichokiona unafanya kwao.

Nami nimeunganisha maneno mawili tuliyokuwa nayo: mrehani mahameli. La kwanza linataja ukoo wake, la pili linataja mguso wake. Sijalipeleka kwa watunga kamusi, maana kamusi huandika yale ambayo vinywa vimekwisha kuyakubali. Nimeweka sharti moja tu mtaani: anayetaka pingili aiombe kwa jina hilo. Hadi sasa nyumba sita zimeiomba. Washairi wa bara wanaosoma hapa, nanyi karibuni muombe.