Fedha za Utafiti: Nani Anachagua Swali?

Mwanafunzi wa Tanzania anayesoma kwa mkopo huanza utafiti akiwa na deni. Katika fungu analopewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, utafiti ni kipengele kimojawapo, sambamba na chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na ada. Akihitimu na kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi mpaka deni liishe, na ndani ya makato hayo imo nauli aliyolipa kwenda kusambaza dodoso Kilosa au Newala.

Hapa Madison, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kupata fedha za namna hiyo kutoka chuoni kwake, na harudishi. Tusidanganyane: huyu naye ana mkopo wa ada, pengine mkubwa kuliko wetu mara nyingi. Ila ruzuku ya utafiti haimo humo, kwa sababu chuo kimeukubali utafiti wa mwanafunzi kuwa kazi yake chenyewe. Desturi hii ina miaka. MIT ilianza kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa mwaka 1969, kupitia programu iliyoasisiwa na Margaret MacVicar, na vyuo vingi vya Marekani vikafuata.

Ruzuku ya hapa inayonivutia zaidi inaitwa Hilldale. Mwanafunzi na mwalimu wake huomba pamoja: mwanafunzi anaandika andiko, mwalimu anathibitisha kwamba atamsimamia, na fedha zikitoka kila mmoja ana fungu lake. Hapo usimamizi unahesabika kuwa kazi inayotengewa fedha. Nyumbani mhadhiri mmoja husimamia wanafunzi wengi kwa msimu, akisoma tasnifu usiku baada ya vipindi, na anachokipata ni kutajwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Kwa walimu kuna shindano la kila msimu wa vuli. Mwalimu anaandika kurasa chache: swali lake, mbinu, ratiba, na mchanganuo wa bajeti unaoeleza kwa nini kila dola inahitajika. Wanaosoma ni walimu wenzake wa chuo hichohicho, na baadhi yao hawatoki fani yake. Kwa hiyo mtaalamu wa isimu lazima aandike aeleweke na mwanahistoria. Nimeona maandiko ya watu wenye majina makubwa yakikataliwa kwa sababu hiyo, na ya walioajiriwa juzi yakipita. Hawa wapya ndio wanaolengwa hasa, maana mfadhili mkubwa wa nje hutaka kuona matokeo ya awali kabla ya kutoa chochote, na mtu hawezi kuwa na matokeo ya awali bila fedha za awali.

Fedha hizo zina chanzo ambacho nyumbani tungefaa kukijua. Miaka ya 1920 Harry Steenbock, mwalimu wa biokemia hapa, aligundua kwamba chakula kikimulikwa kwa miale ya urujuanimno hupata vitamini D, ile inayowakinga watoto na matege. Akaombea ugunduzi wake hataza. Mapato hakuyachukua yote. Mwaka 1925 ukaanzishwa mfuko wa wahitimu, WARF, wa kusimamia hataza hiyo na kurudisha faida kwenye utafiti wa chuo. Karibu miaka mia imepita na mfuko bado unalipa.

Sasa twende Mlimani. Si kweli kwamba hakuna kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutenga fedha za ndani kwa maandiko ya ushindani, na kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu ambapo watu huonyesha kazi zao. Shida ipo katika safari ya hela baada ya andiko kupita. Dokezo linapanda ngazi za ofisi, masurufu yanatoka kwa mafungu, na marejesho yanadai risiti ya mashine ya kodi, EFD, hata kwa bodaboda iliyokupeleka kijijini. Kisha barua ya kibali inatoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani hadi kwa mtendaji. Huku Madison nako kuna vizuizi: utafiti unaohusu watu lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili, na kamati hiyo haina haraka. Tofauti ni kwamba mwombaji anajua tangu mwanzo nani atasoma na jibu litatoka lini.

Pale fedha za ndani zinapochelewa au kuwa haba, mtafiti hugeukia nje. Sweden ilianza kusaidia utafiti Tanzania mwaka 1977, na wahadhiri wengi waliotufundisha walisomeshwa kwa msaada wa aina hiyo. Sina neno baya juu yao. Lakini tangazo la mfadhili huja na mada yake, na msomi mwenye njaa huigeuza fani yake ifanane na tangazo. Msomi Mahmood Mamdani aliyasema haya waziwazi katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2011, alipoonya kwamba utamaduni wa ushauri wa kulipwa unaugeuza utafiti kuwa kazi ya kutafuta majibu kwa maswali yaliyoulizwa na mteja.

Ndiyo maana naziona fedha za ndani, hata zikiwa kidogo, kuwa na uzito kuliko tarakimu zake. Ndizo zinazomruhusu mtu aulize analolijua yeye: kwa nini mikoko ya Rufiji inapungua upande huu na si ule, au wavuvi wa Kilwa wanayaitaje majira ya pepo. Uganda imelielewa hilo. Mwaka wa fedha 2019/2020 serikali yake iliipa Makerere shilingi bilioni 30 za Uganda kwa mfuko wa utafiti na ubunifu unaoshindaniwa ndani ya chuo. Tanzania nayo ilitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu. Ni jambo jema, ila tuzo humfikia aliyekwisha kuvuka mto. Aliye ng'ambo hii bado anatafuta mtumbwi.

Ombi langu kwa vyuo vya nyumbani ni dogo: fungu katika kila ndaki, fomu ya kurasa mbili, tarehe ya jibu inayoheshimiwa, na nafasi ya mwanafunzi kuomba pamoja na msimamizi wake.

Na kwetu wa ughaibuni nina hesabu moja. WARF ilianzishwa na wahitimu tisa waliotoa dola 100 kila mmoja. Makundi yetu ya WhatsApp huchangisha zaidi ya hapo kwa harusi moja. Tukiamua kuchangia utafiti wa wadogo zetu, sharti la kwanza liandikwe mapema: anayechanga hachagui mada.