Ukweli wa Daktari Mkuu

Wengi bado wanaukumbuka wakati ambapo mganga mkuu alipita wodini asubuhi, koti jeupe limenyooka, manesi wamemfuata nyuma, na mgonjwa akaitikia "ndiyo, daktari" pasipo kujua anaumwa nini. Ukubwa wake ulikuwa katika kutoulizwa. Haya hayakuwa ya kwetu peke yetu. Mwaka 1961 ulichapishwa utafiti wa madaktari wa hospitali moja ya Chicago: asilimia 90 hivi hawakuwa na desturi ya kumwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Swali hilo lilipoulizwa tena huko Marekani, na majibu kutoka mwaka 1979, asilimia 97 walisema humwambia. Desturi iligeuka ndani ya miaka 18. Lakini naona kumwambia mgonjwa ukweli kuhusu mwili wake ilikuwa nusu ya safari. Nusu ngumu zaidi ni daktari kuwa mkweli mbele ya anaowaongoza, na ukweli huo haupimwi kwa maneno. Hupimwa kwa jambo moja: je, amri anayowapa wengine inamgusa na yeye?

Kipimo hicho kilionekana wazi Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000. Dk. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya Lacor, alikuwa masomoni Kampala alipoitwa mwezi Oktoba, kwa sababu wanafunzi wa unesi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi, akakesha akisoma mafaili ya wagonjwa, akashuku Ebola, akawataarifu wakubwa wa wizara na kufungua wodi ya kuwatenga wagonjwa kabla maabara haijathibitisha. Yeye mwenyewe akaingia humo kuhudumia. Kufikia mwisho wa mlipuko, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamefariki, wakiwemo wahudumu wa hospitali hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba mkubwa akionyesha hana jibu, walio chini yake watatawanyika. Hoja hii ina uzito, maana hofu huambukiza. Ila mwezi Novemba, wahudumu wa Lacor walipogoma kuendelea, walikuwa tayari wameshawazika wenzao. Uongo gani ungewatuliza? Lukwiya alikutana nao ukumbini, akawasikiliza, akasema kwamba yeye habanduki. Walirudi kazini. Angeyasema maneno hayohayo mtu aliyekuwa akitoa maagizo kutoka ofisini, nina hakika wasingemsikiliza hata dakika tano.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Usiku mmoja aliitwa haraka kwa nesi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu. Alivaa glavu, gauni na barakoa, ila macho hakuyakinga. Baadaye aliugua, na tarehe 5 Desemba akafariki. Basi moyo wa kujitoa uliinyima hospitali kiongozi wake? Siwezi kulipuuza swali hilo. Daktari anayeongoza ana wajibu wa kubaki hai, na taratibu za kujikinga ziliwekwa kwa sababu huruma peke yake haizuii kirusi. Lakini kosa la usiku ule lilikuwa katika kuvaa, halikuwa katika kwenda. Anayelitumia kuhalalisha uongozi wa mbali anachanganya mambo mawili, kwa sababu wodi ile isingekuwa na wahudumu kama mkubwa wao asingeingia.

Na alipougua, masharti hayakulegezwa kwa ajili yake. Alilazwa miongoni mwa waliotengwa. Mkewe aliruhusiwa kumwona akiwa ndani ya mavazi ya kujikinga. Alizikwa katika uwanja wa hospitali, kando ya Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada aliyefika Lacor mwaka 1961, akaambukizwa virusi vya ukimwi akiwa kwenye upasuaji, na kufariki mwaka 1996.